Cheti cha Miezi Sita, Foleni ya Miezi Minane

Kila Jumatatu asubuhi Brashi alishuka kutoka ghorofa ya tatu akiwa mgongoni kwa shemeji yake, kama gunia la mkaa. Tofauti ni moja tu: gunia la mkaa halina maoni.

"Kona hiyo, taratibu. Umegongesha mguu wangu ukutani."

"Umejuaje, na wewe huusikii?"

"Nimeuona, shemeji. Macho hayakuvunjika."

"Basi yafumbe. Unanitia woga."

Ngazi zilikuwa hamsini na nane. Shemeji mtu, mdogo wa mke wa Brashi, alikuwa kijana wa miaka ishirini na sita, mpakiaji kwenye ghala la saruji, na mtaa mzima ulimwita Winchi. Jina lilianza kama utani likaishia kuwa ajira, tena ajira isiyo na mshahara wala likizo. Chini kabisa, kimefungwa kwa mnyororo kwenye nguzo, kiti cha magurudumu kilikuwa kikiwangoja. Kiti kile kilikuwa na bahati kuliko mwenyewe. Chenyewe kilikuwa kimepata makazi chini.

Brashi hakuzaliwa mzigo. Alikuwa fundi wa mabango, na si wale wa kuchovya brashi na kumwachia Mungu. Herufi zake zilisimama kama askari siku ya gwaride. Alifanya kazi miaka kumi na moja kwenye karakana moja ya matangazo, mpaka siku alipopanda kuandika ukuta wa duka la magodoro, ngazi ikateleza. "Duka la magodoro," alipenda kusema mwenyewe, kabla watu hawajaanza kumhurumia, "na pale chini hapakuwa na godoro hata la dawa." Uti wa mgongo ukavunjika. Ngazi ya mbao ilimwangusha, ngazi ya zege ikamfunga.

Karakana ilikuwa ikimkata mshahara kila mwezi kuchangia Mfuko, ili siku ya siku mfanyakazi akiumia alipwe malipo ya ulemavu. Kwenye kukata walikuwa hodari, hawakuruka hata mwezi mmoja. Kwenye kulipa, Mfuko ulikuwa na mambo yake. Bodi ya madaktari wa Mfuko ilikaa kila baada ya miezi minane. Cheti cha daktari, kile cha kuthibitisha kwamba mtu ni mlemavu kweli, kilidumu miezi sita. Hesabu hiyo hata mtoto wa darasa la pili angeikunia kichwa, lakini pale ofisini ilikuwa haijamwasha mtu.

"Cheti chako kimeisha muda, kaka," aliambiwa dirisha namba tatu na karani ambaye foleni nzima ilimwita Bi Jumatatu, kwa sababu hakuwahi kutaja siku nyingine.

"Kimeisha muda kikiwa humu kwenu, dada. Mimi nilikileta kingali kibichi."

"Najua. Lakini kimeisha."

"Na miguu yangu? Nayo imeisha muda? Hebu chungulia, labda imeanza kutembea."

Bi Jumatatu hakucheka. Si kwamba alikuwa na roho mbaya. Alikuwa ameyasikia yote. "Lete kingine. Njoo Jumatatu."

Akaleta cha pili. Kikaozea mle mle. Akaleta cha tatu. Miaka miwili na robo ikapita namna hiyo. Wahenga walisema mvumilivu hula mbivu, ila hawakusema zinaiva mwaka gani, wala mvumilivu ale nini wakati anazingoja. Mkewe, aliyekuwa anapiga pasi kwa dobi, ndiye aliyejibu swali hilo la pili. Alitoka asubuhi, akarudi saa mbili usiku na vidole vimevimba. Friji lilishauzwa likawa kiti cha magurudumu. Redio ilishauzwa ikawa vyeti.

Sasa mwezi huo mambo mawili yalikuja pamoja.

La kwanza, Winchi alipata kazi. Kazi ya maana, kwenye kampuni ya kujenga barabara, mbali, safari ya siku mbili kwa basi. Aripoti tarehe mosi. Na ilikuwa heri, maana saruji ya ghalani ilikuwa imeanza kumkaa kifuani. Siku hizi wakifika ngazi ya arobaini alikuwa anasimama, anashika ukuta, anakohoa mpaka Brashi mgongoni anatikisika kama abiria wa basi bovu.

La pili, chumba cha chini kilikuwa kinaachwa wazi. Chumba kimoja karibu na geti, mlango unatazama uani, hakuna ngazi hata moja. Mwenye nyumba alipanda mwenyewe hadi ghorofa ya tatu kuja kumwambia, mkono kiunoni, pumzi juu juu.

"Mwanangu, nakushikia mpaka mwisho wa mwezi. Kodi ya miezi sita mbele, kama ilivyo kwa wote. Baada ya hapo usininunie, na mimi nina madeni yangu."

Basi ikawa wazi kwa kila mtu. Ama hela za Mfuko zitoke kabla ya tarehe mosi, Brashi ahamie chini awe anajisukuma mwenyewe kwenda anakotaka, ama abaki juu kule kama tangi la maji.

"Kama hazitoki, mimi siendi," Winchi alisema. "Nikuache huku juu? Dada atanila mbichi."

"Wewe nenda. Dada yako mimi nitampikia."

"Siendi, shemeji. Nimesema." Akakohoa.

Ndiyo maana Jumatatu ile Brashi alikuwa ofisini tangu geti halijafunguliwa. Na ndiyo maana, kwa kukaa sana akitazama mbele, jicho lake likaenda kwenye kibao kikubwa cha ofisi kilichokuwa juu ya mlango. Rangi ilikuwa imebabuka. Herufi zilipandiana kama watu wanaogombea mlango. Fundi wa mabango akiona kibao kama kile, anaumwa. Si maneno ya utani. Anaumwa kama mpishi anayeona mtu akimwaga chumvi mara mbili.

"Nani aliwaandikia hiki?" alimuuliza Bi Jumatatu. "Alikuwa amelala?"

"Hata huyo ni nafuu. Aliyeitwa kukirudia amechukua malipo ya awali akayeyuka. Na Ijumaa tuna wageni kutoka makao makuu."

Mkuu wa ofisi alikuwa anapita na kikombe chake cha chai. Alikuwa mtu mnene, mpole, mwenye jasho la kudumu. Akasimama.

"Kwani wewe unajua kuandika vibao?"

Swali hilo kwa Brashi lilikuwa kama kumuuliza samaki kama amewahi kuona maji.

Mapatano hayakuchukua hata nusu saa. Kibao kingeshushwa na kuwekwa juu ya mabenchi mawili, usawa wa kiti chake. Rangi ofisi ingenunua. Malipo hayakutajwa. "Hii ni kusaidiana," Mkuu alisema, akijifuta shingo. "Wewe tusaidie hili, na mimi nakuapia, faili lako nitaliweka juu ya mafaili yote kwa mkono wangu. Wageni wenyewe ndio wenye kutia sahihi."

Njiani kurudi, Winchi akisukuma kiti, alipunguza mwendo.

"Shemeji, mimi shule sikufika mbali. Lakini hawa watu umewaomba hela kwa sababu huwezi kufanya kazi. Sasa mbona wamekupa kazi kwanza?"

"Siku tatu tu. Kusaidiana."

"Haya. Mwenye macho haambiwi tazama."

"Ndiyo, na mwenye mdomo huambiwa nyamaza. Sukuma."

Jumanne hadi Alhamisi Winchi aliomba ruhusa ghalani, akamteremsha na kumpandisha kila siku. Na Brashi, niseme nini? Kama ungemwona ungesema mtu ameposa. Alikikwangua kile kibao mpaka kikabaki mbao tupu. Akakipaka rangi ya chini mara mbili. Akanyoosha uzi uliopakwa chaki, akauvuta, akauachia, pa! mstari ukalala kama umepigwa na rula ya malaika. Akaweka kifimbo cha kuegemezea mkono, akashika brashi ile ya nywele laini aliyokuwa ameifungia kwenye soksi miaka miwili, na herufi ya kwanza ikatoka kwa pumzi moja, imenona juu, imenyooka chini. Watu wa foleni waliacha kulalamika wakatazama. Mzee mmoja asiye na mkono alisema, "Huyu ndugu anaandika kama anamwaga asali." Bi Jumatatu alitoka dirishani, mara ya kwanza watu wakagundua kwamba ana miguu, akaja kusimama nyuma yake.

Harufu ya tapentaini ilimpanda Brashi kichwani kama marashi ya harusi yake. Kwa siku tatu hakuwa mwombaji namba mia nne na kumi na mbili. Alikuwa fundi, na watu walimwita fundi.

Alhamisi alasiri, kibao kikiwa kimekwisha, mkono wake ulifanya jambo moja bila kuomba ruhusa kichwani. Kwenye ufundi wa mabango, kibao kisicho na jina pembeni ni mtoto aliyekanwa na baba yake. Mkono ukashuka kwenye kona ya chini kulia, ukaandika kwa herufi ndogo, kila moja kama punje ya mchele: *Kazi ya Brashi*, na namba ya simu, na tarehe.

Winchi akainama. "Hiyo nayo ya nini?"

"Sahihi."

"Na namba ya simu?"

"Ndivyo inavyoandikwa. Jina bila namba, watu watakupata kwa ramli?"

Ijumaa wageni walikuja watatu. Wawili walikuwa wa kula keki na kutikisa kichwa. Wa tatu alikuwa mkaguzi, mwanamke mwembamba mwenye miwani na daftari, wa kusoma hata karatasi iliyofungia karanga. Mkuu, kwa furaha, aliwasimamisha chini ya kibao.

"Na hii, waheshimiwa, ni kazi ya mmoja wa waombaji wetu wenyewe! Huyu hapa!"

Makofi yakapigwa. Mkaguzi akatazama juu, akasogea, akainua miwani, akaitazama ile kona ya chini kulia.

"Hongera sana. Imekuchukua siku ngapi?"

"Tatu tu, mheshimiwa," Brashi akajibu, kifua mbele. "Zamani ningemaliza kwa mbili."

"Na huku kukaa kwenye kiti hakukusumbui?"

"Ah! Kibao kikiwa chini, mimi na mwenye miguu tunalingana."

"Na namba hii ni yako?"

"Yangu. Ukipiga hata sasa hivi itaita."

Mkaguzi akaandika. Akaomba apige picha, Brashi kwenye kiti, brashi mkononi, kibao juu yake. Brashi akatabasamu meno yote nje. Mtu anayechimbiwa kaburi huwa anaona angalau udongo. Huyu aliona heshima, akashika jembe mwenyewe.

Jumatatu, siku nne kabla ya mwezi kuisha, bahasha ilikuwa tayari. Faili lililolala miaka miwili na robo lilikuwa limepata majibu ndani ya siku tatu, na kati ya hizo mbili ni Jumamosi na Jumapili. Winchi alikuwa amebaki nje ya geti akiziba pancha ya gurudumu la akiba la kiti. Brashi alifungua bahasha peke yake, mbele ya dirisha namba tatu.

*Mwombaji ameshuhudiwa na maofisa wa Mfuko akifanya kazi ya ufundi wake kwa siku tatu mfululizo, kwa kiwango cha kuridhisha sana. Aidha, mwombaji anatangaza biashara yake hadharani, kwa jina na namba ya simu. Haijathibitika kwamba amepoteza uwezo wa kujipatia kipato. Maombi yamekataliwa. Mwombaji ana haki ya kukata rufaa, akiambatisha cheti kipya cha daktari. Rufaa husikilizwa ndani ya miezi minane. Mkata rufaa atafika mwenyewe kila atakapoitwa.*

Picha ilikuwa imebanwa nyuma kwa pini. Meno yote yalionekana.

"Dada," Brashi alisema, "sasa nije lini?"

Bi Jumatatu alifungua mdomo. Siku ile tu, kati ya siku zote, hakuwa na siku ya kutaja. Akainamia karatasi zake akazipanga, ingawa zilikuwa zimeshapangwa.

Mkuu alimpokea ofisini, akafunga mlango, akafuta jasho. "Ndugu yangu, nimeumia kuliko wewe."

"Hapana, bosi. Hilo usiniambie."

"Lakini mimi ahadi yangu nimetimiza. Nilisema faili litapanda juu, likapanda."

"Basi nilipe hela ya kibao. Ile kazi sokoni ingenipa kodi ya miezi miwili. Nitambembeleza mwenye nyumba."

Mkuu akatazama dari, akafikiri kweli, maana hakuwa mtu mbaya. "Nikikulipa, nitakuwa nathibitisha walichoandika. Kwamba unafanya kazi kwa malipo. Rufaa yako itakufa papo hapo. Ninakulinda, ndugu yangu."

Brashi alikuwa mtu wa jibu. Mtaani alijulikana kwa hilo. Alisema tu, "Nifungulie mlango, bosi. Hiki kiti hakifiki kwenye kitasa."

Nje, Winchi alinyanyuka na mikono myeusi kwa gundi. "Vipi?"

Hapo Brashi alimtazama. Alitazama kifua kile, akasikia mluzi wa saruji ndani yake kila kijana alipovuta pumzi. Mfuko wa suruali ya Winchi ulikuwa na tiketi ya basi ya Alhamisi. Alikuwa akiipapasa kila saa kama mtu anayeogopa itaruka. Neno moja tu, na tiketi ile ingechanwa.

"Wamekubali," Brashi akasema, akiikunja barua ndogo, ndogo zaidi. "Wiki mbili hela inaingia."

Winchi alipiga ukelele uliomwamsha mlinzi. Akazungusha kiti mara tatu pale pale barabarani, Brashi ndani yake, mpaka mwuza magazeti akauliza nani anaoa. "Shemeji! Kumbe ule uchoraji wako! Na mimi domo langu, eti mbona wamekupa kazi kwanza! Nisamehe."

"Nimekusamehe. Acha kunizungusha, nitatapika."

"Na mwenye nyumba?"

"Nitaongea naye. Wiki mbili atanivumilia."

Winchi alimpandisha kwa kuimba. Alisimama ngazi ya arobaini, akakohoa, akacheka. "Zimebaki kumi na nane, halafu Winchi anastaafu! Siku nikirudi nitakukuta chini, tena nitakuomba wewe unibebe kwenye kiti." Brashi alimshika mabega kwa nguvu kuliko siku zote, akasema tu, "Angalia kona."

Jumatano mwenye nyumba alipanda, akasikia hapana, akasikitika kwa dhati, akashuka. Jioni hiyo hiyo kitanda na kabati la mtu mwingine vilikuwa vinaingia chumba cha chini. Winchi alikuwa ghalani akiaga wenzake, hakuona.

Alhamisi alfajiri aliondoka na begi lake. Brashi aliambiwa na mkewe asogezwe dirishani ampungie, akakataa, akasema kuna baridi. Mkewe alirudi kutoka kumsindikiza, akiwa anatabasamu bado, akaanza kukunja mashuka.

"Leo hela ya mchango wa kikundi nachukua mimi. Nitamwomba mwenye nyumba..."

"Chumba kimeshachukuliwa," Brashi akasema. Akaitoa barua chini ya godoro.

Mkewe aliisoma amesimama. Aliisoma tena amekaa. Akaigeuza, akaiona picha, akaitazama muda mrefu.

"Kwa hiyo ulimdanganya mdogo wangu."

"Angebaki. Na lile ghala lingemuua."

"Najua lingemuua. Mimi ndiye ninayemsikia usiku." Akaikunja barua kwenye mikunjo ile ile. "Rufaa inasema ufike mwenyewe. Nani atakushusha?"

"Tutaona."

"Nani ataona? Mimi siwezi kukubeba. Nilijaribu mwaka ule, tukaanguka wote ngazi ya tatu, unakumbuka?"

Brashi alikumbuka. Alijaribu kutania. "Labda tusubiri cheti kiishe muda, nirudi kuwa mzima."

Utani ule ulidondoka sakafuni, hakuna aliyeuokota.

"Yeye umempa uongo wake, akaenda kwa amani," mkewe alisema, polepole, kama mtu anayeuliza bei ya kitu asichoweza kununua. "Na mimi? Mimi umenitayarishia upi?"

Mtu wa jibu alitafuta jibu. Alitafuta darini, alitafuta kwenye mikono yake, ambayo bado ilikuwa na rangi ya bluu chini ya kucha.

"Wewe sina," akasema.

Mkewe akatikisa kichwa mara mbili, kama aliyepata alichotarajia. Saa ilikuwa imekwenda na dobi hangoji. Akamwekea chupa ya maji, mkate, simu, na ndoo ya haja mahali mkono unapofika. Akamvuta mto ukae sawa nyuma ya mgongo, akaugonga ulainike.

"Nauacha mlango wazi kidogo," akasema. "Ukizidiwa, mwite jirani kwa nguvu."

Akatoka. Brashi alimsikia akishuka, miguu miwili, haraka haraka, bila kusimama popote, mpaka chini.